Damu ya Mjomba

Macho yangu ni ya njano. Nimeanza na hilo ili usijisumbue kunipeleleza, maana watu wa Magomeni hapa Mtwara wamenipeleleza miaka na miaka na hawakuambulia kitu. Wengine walisema nimezidisha dawa za kienyeji. Wengine walisema kijicho changu kimenirudia mwenyewe. Thubutu! Ni selimundu, ugonjwa wa damu niliozaliwa nao, na jina lake nililijua nikiwa na miaka ishirini na mitatu, tayari nina mimba ya miezi minne.

Naandika kwa ajili ya dada mmoja niliyemkuta kliniki juzi. Alikaa peke yake mwisho wa benchi, karatasi ya maabara ameikunja mpaka imekuwa ndogo kama hirizi, anatazama mlango. Nilipita bila kumsemesha na nikajilaumu njia nzima mpaka nyumbani. Haya ndiyo ningemwambia.

Nimezaliwa Mahurunga. Utoto wangu naukumbuka kwa kipupwe. Mwezi wa sita ukiingia na baridi yake, mifupa yangu ilikuwa na habari kabla ya mtu yeyote. Maumivu yalianzia magotini, yakapanda kiunoni, yakanikalia kifuani. Mama alipasha mafuta ya nazi, akanikanda huku analia kimyakimya, kwa sababu watoto wawili kabla yangu alishawakanda hivyohivyo na akawazika. Tuliambiwa ni baridi yabisi. Wenzangu walipokwenda kuokota korosho, mimi nilibaki ukumbini nimefungwa kanga miguuni, nasikia vicheko vyao shambani. Hata unyago nilitolewa kabla ya siku zake, magoti yamevimba kama mafenesi. Nilizoea kuwa yule anayeachwa nyumbani.

Basi nikakua, nikajifunza cherehani, nikaolewa na Issa, kuli wa bandarini, tukapanga vyumba viwili Magomeni pamoja na mama yake. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Issa hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke mapema. Nikiugua, alinibeba mgongoni mpaka barabarani. Ila neno hospitali likitajwa, alikuwa na safari yake nyingine.

Mimba iliponishika nilianza kliniki msimu wa korosho, mji mzima unanuka mabibo. Nesi aliyekuwa zamu anaitwa Tumaini, mtu wa bara, anaongea upesi kama anakimbiza basi. Alinivuta kope ya chini, akanyamaza. Huyo mwanamke kunyamaza si jambo dogo.

"Macho haya yamekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, nesi."

"Na mifupa?"

Nilishangaa. Sikuwa nimemwambia habari za mifupa.

Alinitoa damu, nyingine ikapelekwa Dar kwa kipimo kikubwa. Nikarudi Jumatatu moja, na nyingine, na nyingine. Kwenye benchi lile wanawake walikuja na dada zao, na shoga zao, wanakula ming'oko, viazi pori vya kwetu, na kusutana. Mimi nilikuja na mkoba. Majibu yalipofika, Nesi Tumaini alifunga mlango, akaniambia jina la ugonjwa. Nililia, na sehemu ya kilio kile ilikuwa nafuu. Miaka yote ile nilikuwa naumwa kitu chenye jina! Sikuwa mvivu, wala sikuwa nimerogwa.

Kisha akanieleza habari ya mtoto. Alichukua punje nne za kunde kwenye kopo lake la chakula, mbili nyekundu na mbili nyeupe.

"Kila mtu ana punje mbili za damu, moja ya baba, moja ya mama. Wewe zako zote mbili ni nyekundu, ndiyo maana unaumwa. Kwa hiyo mtoto umeshampa moja nyekundu, hilo halina mjadala. Ya pili anaitoa baba yake. Kama punje za baba ni nyeupe zote, mtoto atakuwa mzima, atabeba tu. Kama baba naye anayo nyekundu moja imejificha, na watu wengi wanayo wala hawajui, basi mtoto anaweza kupita njia yako. Nataka damu ya mumeo, Somoe. Bila hiyo sijui mtoto akizaliwa nimwandalie nini."

Nilirudi nyumbani nikazimwaga kunde zile alizonipa mkekani mbele ya Issa, nikamweleza kama nilivyoelezwa. Alizitazama kama mtu aliyewekewa nge.

"Mimi naumwa nini mpaka nitobolewe?"

"Huumwi. Ni kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto ni wa kwenu, Somoe. Waite wenye mtoto."

Hapa nieleze, kwa mgeni asiyejua mila zetu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba analisha, anavisha, anapendwa na kuheshimiwa, lakini mwenye mtoto ni mjomba. Mjomba ndiye anayemwoza, ndiye anayesimama kaburini. Kwa hiyo Issa hakusema maneno ya kihuni. Alisema jambo ambalo kila mtu pale nyumbani aliliona ni la haki, na mama mkwe wangu akaitikia kutoka chumbani: "Huko kwetu macho ya njano hatuna!" Salamu ikapelekwa Mahurunga.

Mjomba Selemani, kaka wa mama yangu, alifika Ijumaa na kanzu yake nyeupe na furushi la ming'oko. Ndiye aliyenilea baba alipofariki. Alisikiliza mambo yote, akaomba maji, akanywa, akasema:

"Wanataka damu ya mwenye mtoto. Mwenye mtoto ni mimi. Tatizo liko wapi?"

"Mjomba," nikasema, "nesi amesema Issa."

Mama mkwe akakohoa. Issa akainama kutazama vidole vyake vya miguu.

"Nesi ni mtu wa bara, mpwa wangu. Kwao mtoto ni wa baba. Hajui kwetu mtoto ni wa nani. Usimlaumu."

Nikanyamaza. Nilijua, jamani. Nisije nikajifanya hapa kuwa sikuelewa. Zile punje za kunde nilizielewa siku ileile, kichwa changu hakikuwa na selimundu. Lakini kumkatalia mjomba wangu mbele ya wakwe, mtu aliyenibeba begani! Na tena niliogopa kuwa nikimkaba Issa ataondoka. Aibu na woga vikakaa pamoja, vikaniziba mdomo.

Siku tuliyokwenda, Nesi Tumaini alikuwa likizo kwao. Fundi wa maabara alimuuliza mjomba, "Mzee, wewe ni nani kwa mtoto?" Akajibu kwa sauti ya msikitini, "Ndimi mwenye mtoto." Fundi akaandika. Mjomba akakunja mkono wa kanzu, akanyoosha mkono wake mkavu, wala hakupepesa jicho.

"Toa ya kutosha, kijana. Usinionee haya."

Kesho yake karatasi ikatoka. Damu safi, hana. Mjomba aliikunja akaitia ndani ya kofia yake. Nyumbani ikapikwa pilau, mama mkwe akapiga kigelegele kilichowatoa majirani, na Issa akacheka kicheko ambacho sikukisikia tangu siku ya harusi. Alinishika tumbo, akasema, "Huyu mzima huyu." Mimi nilisema naenda msalani. Nilikaa humo juu ya ndoo iliyogeuzwa, nawasikia wanafurahi. Nimewahi kuachwa peke yangu mara nyingi, lakini upweke wa siku ile, nyumba imejaa watu wanaonishangilia, sijaupata tena.

Mvua zikaanza. Nilihesabu siku kwa vidonge vya foliki vya kuongeza damu, kimoja kila asubuhi, na kwa kutazama tumbo linavyokua huku mikono inakonda. Kidonda kilitoka juu ya kifundo cha mguu, kikagoma kupona. Mwezi wa saba wa mimba maumivu yakaniangusha kwenye cherehani, nikalazwa, nikaongezwa chupa mbili za damu. Nilitazama lile tone linavyodondoka, nikawaza: huyu asiyenijua amenipa damu yake, na mume wangu ameninyima tone moja.

Issa alikuja mpaka getini, akaacha uji kwa mlinzi, akaenda zake. Kila siku uji, kila siku getini. Aliyekaa nami alikuwa mama mmoja muuza nguo wa Chikongola, kitanda cha pembeni, naye amelazwa kwa presha. Alimenya machungwa akanilisha kipande kimoja kimoja bila kuniuliza kitu. Hakuniuliza macho yangu yana nini. Mungu amlipe, machungwa yale nayakumbuka kuliko dawa.

Nesi Tumaini aliporudi kazini alinikuta wodini. Akafungua faili.

"Somoe, mumeo ana miaka sitini na moja?"

Akaanza kucheka, kisha akauona uso wangu, akaacha.

"Hii damu ni ya nani?"

"Ya mjomba."

"Haituambii lolote kuhusu mtoto."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku alipoitoa."

Akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo manesi hawafanyi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Na hapa maradhi si yako peke yako. Utawaambia wewe, au niwaambie mimi?"

Nikasema mimi. Sikusema lini.

Nilijifungua mvua zikimalizika, mtoto wa kike mdogo mwenye sauti kubwa, tukamwita Rehema. Nilimkagua macho kila asubuhi, na kila asubuhi sikuweza kuamua kama ni meupe au nayatia njano mwenyewe kwa hofu. Nesi Tumaini alimwandikia klorokwini ya maji na foliki, akasema, "Mpe mpaka tutakapojua. Malaria ndiyo inayowaua watoto hawa kabla hatujawahi." Nikawa nampa kwa kujificha, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa na cheti kinachosema ni mzima.

Siku ya arobaini watu walijaa uani. Nilitoka kuoga, nikaenda kuitafuta chupa ya dawa chini ya mto, sikuiona. Nikaikuta nje, karibu na jalala, tupu. Mama mkwe alikuwa anasonga ugali, akasema bila kugeuka:

"Nimemwaga. Mtoto mzima halishwi machungu. Unataka kumfanya mgonjwa kama wewe?"

Na pale mkekani Mjomba Selemani alikuwa ameshavua kofia, anawaonyesha wageni karatasi yake. "Someni! Damu safi. Mtoto huyu hana kitu."

Sijui miguu yangu ilipata wapi nguvu. Nilikwenda nikasimama katikati ya mkeka, chupa tupu mkononi, mtoto begani, mbele ya wazee.

"Mjomba, nisamehe. Hiyo karatasi si ya Rehema. Ni yako. Inasema wewe ni mzima, alhamdulillahi. Mtoto hakupata damu yako, alipata yangu na ya Issa. Nilijua siku ileile nikanyamaza. Kosa ni langu. Lakini dawa ya mwanangu imemwagwa kwa sababu ya karatasi hiyo, na mimi sinyamazi tena!"

Mgeni mmoja akacheka puani. Mjomba hakucheka. Alimpa karatasi Issa aisome tena, jina na umri. Issa akaisoma kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo nimechomwa sindano bure," mjomba akasema.

Akaipokea karatasi kwa Issa. Akaikunja taratibu, akairudisha kwenye kofia, akavaa kofia. Nilingoja anilaani. Badala yake akamgeukia Issa.

"Mkwe wangu, mtoto ni wetu. Hilo halibadiliki mpaka kiama. Lakini kama damu ni yako, ipeleke. Sisi hatuwezi kukusaidia kuwa na damu."

Issa akasimama, akavaa ndara zake, akatoka. Siku tatu hakuonekana. Mama mkwe hakunisemesha hata salamu. Nilikaa na mtoto chumbani, nikajiambia, haya, Somoe, ulichokiogopa ndicho hiki.

Siku ya nne, asubuhi, nilikuwa nashona akaingia akakaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Nilikuwa na wadogo zangu wawili," akasema. "Hassani na Mwajuma. Walivimba vidole vya mikono na miguu, wakiguswa wanapiga kelele. Macho yao yalikuwa kama yako. Mama aliwazika mwaka mmoja. Alitukataza kuwataja."

Nikaacha kushona.

"Siku uliyozimwaga zile kunde, Somoe, nilijua. Nilijua kabla ya sindano. Ningewezaje kwenda kuambiwa?"

Mungu wangu! Miezi yote ile nilidhani niko peke yangu na siri yangu, kumbe mwenzangu amelala ubavuni na yake. Tulikaa vyumba viwili kama watu wa mitaa miwili. Nilimkasirikia, na nilimwonea huruma mpaka nikashuka sakafuni nikakaa naye.

Alikwenda Jumatatu. Alitolewa damu huku amefumba macho na kushika mkono wangu mpaka ukafa ganzi. Majibu hayakuwa na fumbo. Anayo nyekundu moja. Mama mkwe alipoambiwa alikaa kizingitini, akawataja wale wawili kwa majina, mara ya kwanza tangu kaburini. Kesho yake alikwenda mwenyewe kuchukua klorokwini nyingine, na tangu siku ile ndiye aliyempa mtoto, kwa kijiko chake mwenyewe.

Sasa ilibaki damu ya Rehema. Tuliambiwa tungoje akaribie mwaka, kabla ya hapo kipimo kinaweza kudanganya. Tukangoja. Mikorosho ikatoa maua, ikazaa, tukala mabibo, mvua zikarudi. Damu ikachukuliwa, ikapelekwa Dar, na barabara ikakatika kwa mafuriko. Miezi miwili! Kila nikimvalisha soksi nilibonyeza vidole vyake kimoja kimoja, natafuta uvimbe. Sikupata usingizi wala hamu ya chakula, na hakuna aliyethubutu kuniambia nitulie.

Nesi Tumaini aliyaleta majibu nyumbani kwa miguu yake, na sare yake, matope mpaka magotini. Alianza kusema akiwa bado barabarani.

"Anabeba! Anabeba tu! Haumwi!"

Nilikaa chini palepale kwenye matope, nikalia kwa sauti.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini nilikuahidi ukweli. Tulielezwa kuwa kila mimba nyingine ni bahati nasibu ileile, na mwili wangu hauwezi kuvumilia nyingi. Mimi nikasema basi. Issa alitaka watoto. Rehema alipofika miaka mitatu alioa mke wa pili, na nasikia kabla ya ndoa alimpeleka akapimwe. Nilicheka nilipoambiwa, kisha nikaingia ndani nikafunga mlango. Somo langu limemfaa mwanamke mwingine. Amewazaa wanne, wazima wote, wanakuja kwangu kushonewa sare za shule na wananiita mama mkubwa. Vipupwe vingi nimevilala peke yangu, maji ya moto kwenye chupa, Rehema ananikanda miguu kwa mikono yake isiyojua maumivu yale. Hiyo ndiyo sehemu yangu, na sijutii.

Mwaka juzi Rehema, amemaliza kidato cha nne, alichumbiwa na kijana wa Chikongola. Wakaja kwa posa, wazee watano, kanzu zimenyooka. Mjomba Selemani aliletwa kutoka Mahurunga, macho yamefifia, anaongozwa kwa mkono. Walizungumza adabu zote, wakafika kwenye mahari. Mjomba akainua mkono.

"Hilo baadaye. Kwanza nataka damu."

Wageni wakatazamana. Nikawaeleza kwa ufupi kuwa binti yangu anabeba, kwa hiyo ni lazima ijulikane na upande wa pili. Wakanong'onezana. Kisha mzee mmoja mnene, mwenye heshima zake, akajisogeza mbele ya mkeka.

"Hakuna shida," akasema, huku anakunja mkono wa kanzu. "Kijana ni wetu. Mimi ndiye mjomba wake. Nitatoa mimi."

Nilimtazama Mjomba Selemani. Alivua kofia yake pole pole, akapapasa ndani, akatoa karatasi iliyochakaa, imegeuka rangi ya chai, akamwekea yule mzee mkononi.

"Kaa, mwenzangu," akamwambia. "Sisi wajomba tulishatoa. Mlete kijana."

Jumatatu walikwenda, Rehema na kijana, na mimi nilikaa nao kwenye benchi lilelile. Majibu ni yao, sitayaandika hapa. Wewe dada wa juzi, nami huwa nipo pale kila Jumatatu. Macho yangu utayajua.